Sindano na Umri: Kujaribu Mitindo Mipya ya Ushonaji wa Mkono katika Maisha ya Wanawake wa Unguja, 1870–1970

1.0 Utangulizi

Historia ya mavazi katika mwambao wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kumtazama mvaaji. Tunafahamu nani alistahili kuvaa joho na nani alinyimwa kofia. Tunafahamu jinsi kanga ilivyochukua nafasi ya kaniki miilini mwa wanawake wa Unguja. Tunafahamu pia jinsi vazi lilivyotumika kumtenga muungwana na mtumwa, na mtu wa mjini na mtu wa shamba. Mtu aliyeketi na kitambaa mapajani, akatunga uzi na kuanza mshono, amepewa nafasi ndogo. Na pale anapotajwa, hutajwa kama mlinzi wa jadi: aliupokea mshono kwa mamaye, akaukabidhi kwa bintiye, pasi na kuongeza wala kupunguza.

Insha hii inaupinga mtazamo huo. Hoja yake kuu ni kwamba, katika kipindi kinacholingana na umri wa mtu mmoja, mshonaji wa mkono wa Unguja alikutana na vitambaa, nyuzi, zana na mitindo mipya mara nyingi kiasi kwamba kujaribu kukawa ni sehemu ya ufundi wenyewe. Hakuwa mtu wa mtindo mmoja aliyevamiwa na usasa uzeeni. Alikuwa mtu aliyeanza kujifunza utotoni na hakuacha kujifunza.

Suala hili si la kitaaluma pekee. Siku hizi neno “asili” hutumiwa kupanga bei ya kofia, kuchagua kazi zinazoingia katika maonyesho ya urithi, na kuamua ni fundi gani anastahili kusaidiwa. Iwapo asili itachukuliwa kuwa ni mtindo mmoja usiobadilika, basi mshonaji anayejaribu rangi au ruwaza mpya atahesabiwa kuwa mharibifu wa urithi. Iwapo, kinyume chake, itathibitika kwamba kujaribu kulikuwapo tangu zamani, basi mshonaji huyo ndiye mrithi halali.

2.0 Mkabala na Vyanzo

Ugumu wa kwanza wa utafiti wa aina hii ni kwamba wengi wa washonaji hawakuacha majina. Nguo haitiwi sahihi. Ili kuukabili ugumu huo, insha inatumia “umri mmoja” kama kipimo. Badala ya kuuliza mitindo ilibadilikaje katika karne nzima, tunauliza: mwanamke aliyezaliwa Unguja karibu na mwaka 1870 na kuishi hadi uzeeni angeweza kukutana na mabadiliko gani akiwa na sindano mkononi? Kisha tunauliza swali hilohilo kuhusu mwanamke aliyezaliwa nusu karne baadaye. Wanawake hawa wawili si wahusika wa kubuni, wala si watu mahususi; ni vijiti vya kupimia, mithili ya ufito unaochomekwa ufukweni ili kuonyesha maji yamepanda hadi wapi.

Vyanzo vilivyotumika ni vya aina tatu. Cha kwanza ni maandishi, yakiwamo kumbukumbu za Sayyida Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, pamoja na utafiti wa Laura Fair kuhusu mavazi na siasa ya Unguja uliotoka mwaka 2001. Cha pili ni lugha: msamiati wa ushonaji kama ulivyohifadhiwa katika kamusi za Kiswahili na katika vinywa vya watu. Cha tatu ni nguo zenyewe na jinsi zinavyotengenezwa. Chanzo cha pili kinatangulizwa kwa sababu ndicho kinachofika mbali zaidi nyuma ya mwaka 1870.

3.0 Ushahidi wa Lugha: Kikapu cha Sindano

Msamiati wa ushonaji wa Kiswahili umejengwa kwa tabaka. Tabaka la chini ni la Kibantu: kushona, uzi, kufuma, kusuka. Juu yake lipo tabaka la Kiarabu na Kiajemi: mkasi, hariri, joho, zari, na kitenzi kudarizi chenyewe, ambacho kina udugu na neno la Kiarabu la kutia nakshi kwenye nguo. Taraza, yaani utepe wa urembo unaotiwa kwenye kingo za nguo, limetokana na mzizi huohuo.

Tabaka la tatu ni la Wareno, waliofika mwambao huu mwaka 1498 na kuipoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Miaka 200 hiyo ilituachia leso na foronya, maneno yanayohusu kitambaa cha mkononi na mfuko wa mto. Tabaka la nne lilipitia Bara Hindi: cherehani, neno ambalo asili yake ni jina la Kiajemi la gurudumu. La tano ni la Kiingereza: pini, sketi, blauzi, fulana na kroshia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba tabaka jipya halikufuta lililotangulia. Aliyejifunza kudarizi aliendelea kushona. Aliyepokea cherehani hakuitupa sindano. Mshonaji wa Unguja wa mwaka 1930 angeweza, katika alasiri moja, kukata kwa mkasi, kushona kwa uzi, kudarizi foronya na kupeleka kanzu kwa fundi cherehani, na kwa kufanya hivyo akapita katika lugha nne au tano bila kuona kwamba ametoka nje ya Kiswahili. Lugha haikopi jina la kitu kisichotumika. Kila neno lililobaki katika kikapu hiki ni alama ya mtu aliyekishika kitu kigeni, akakijaribu, akaona kinafaa.

Msamiati wa kanzu unaonyesha jambo hilo kwa kina. Kamusi za zamani hutenga kanzu ya kufuta, isiyo na nakshi, na zile zenye kazi ya mkono shingoni na kifuani, kama vile kanzu ya kazu na kanzu ya ziki. Kila kipande kina jina: badani, taharizi, kikwapa, sijafu, lisani, kaba. Vazi ambalo kwa mbali huonekana kuwa nguo nyeupe tupu lilikuwa kwa mshonaji uwanja wa maamuzi mengi. Majina hayo yasingezaliwa kama kanzu zote zingeshonwa kwa namna moja. Wingi wa majina ni ushahidi wa wingi wa majaribio.

4.0 Umri wa Kwanza: Kuanzia Karibu Mwaka 1870

4.1 Hariri na sindano ya ndani

Mtoto wa kike aliyezaliwa karibu na mwaka 1870 alizaliwa katika mji wenye tabaka kali. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Kitambaa kilichoenea miongoni mwa watu wa chini kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoanza kuletwa kwa wingi na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika miaka ya 1830, na kaniki, yaani kitambaa hichohicho kilichotiwa nili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliipunguza bidhaa hiyo, na viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaziba pengo, ila jina merikani halikuondoka.

Merikani na kaniki havikumtaka mshonaji afanye mengi. Vilifungwa kiunoni au chini ya makwapa, na sindano ikahitajika kwa upindo na kwa viraka. Kazi nyembamba ilikuwa katika nyumba za wenye nacho. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anasimulia kwamba mabibi wa majumba hayo hawakukaa bure. Walishona na kudarizi kwa hariri nguo zao na za jamaa zao wa kiume. Kwa hiyo, mwanzoni mwa umri tunaoupima, mitindo ya sindano iligawanyika kama jamii ilivyogawanyika: mshono wa haja kwa wengi, mshono wa pambo kwa wachache. Mpaka huo haukuzuia maarifa kupita. Wajakazi walifanya kazi katika vyumba hivyohivyo, na mkono uliomshikia bibi kitambaa uliuona mshono ukizaliwa.

4.2 Leso: pale sindano ilipokitangulia kiwanda

Mtoto huyo alipofika ujanani, lilitokea jaribio ambalo, kwa maoni ya insha hii, ndilo kubwa kuliko yote katika historia ya ushonaji wa mwambao. Leso zilizochapwa rangi ziliuzwa madukani zikiwa jora ambalo halijakatwa, ili kila mnunuzi akatiwe moja. Masimulizi yanayokubaliwa na watafiti wengi yanasema kwamba wanawake walikataa kuzitumia kama zilivyokusudiwa. Walinunua urefu wa leso 6, wakaukata katikati kupata vipande 2 vya leso 3, kisha wakaviunga kwa mshono, ubavu kwa ubavu. Kilichopatikana hakikuwa tena kitambaa cha kufutia jasho. Lilikuwa vazi kamili lenye mpangilio wake wa rangi.

Muda si muda wafanyabiashara waliigeuza kazi hiyo kuwa bidhaa. Kitambaa kikaanza kuchapwa kikiwa kipana, chenye pindo pande zote na mji katikati, na ule mshono wa kuunga ukawa hauna haja. Hapo ndipo kanga ilipozaliwa. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887 na kujulikana kwa jina la Abdulla, alikuwa miongoni mwa wauzaji waliolieneza vazi hilo, na hadi leo watu wa Mombasa huliita leso.

Mfuatano wa matukio haya una maana kubwa kwa historia. Mara nyingi husemwa kwamba kiwanda hubuni na mtumiaji hupokea. Hapa wanawake walijaribu mtindo kwa sindano, soko likaona, kiwanda kikaiga. Mshono ule wa katikati, usiozidi hatua chache za mkono, ulikuwa rasimu ya vazi ambalo limeendelea kuvaliwa kwa zaidi ya karne moja. Na hata kiwanda kilipoiga, hakikumaliza kazi yote. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na mnunuzi hulazimika kuvikata na kukunja upindo. Sindano bado ndiyo inayoikamilisha kanga.

Fair ameonyesha pia kwamba wanawake wa Unguja walibadili mapenzi yao kwa kasi iliyowahangaisha wauzaji: doti iliyogombewa msimu huu iliweza kubaki dukani msimu ujao. Wapo waliokuita huko kupenda anasa. Tukikutazama kwa jicho la mshonaji, kulikuwa ni kuendelea kwa tabia ileile ya kujaribu.

4.3 Kofia baada ya mwaka 1897

Tarehe 6 Aprili 1897 ilitolewa amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Masuria waliingizwa katika uhuru huo mwaka 1909. Kabla ya hapo, kichwa wazi kilikuwa alama ya mtumwa mbele ya bwana wake. Mtu aliyekomboka alitaka kanzu na kofia, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa mavazi ya muungwana. Kichwa kilichokuwa wazi kilihitaji kofia, na kila kofia ya mkono ilihitaji mshonaji. Uhuru, kwa maana hiyo, ulipita pia katika tundu la sindano.

Kofia ya vitobo ni kazi inayopima ufundi kuliko nguo nyingine yoyote ya mwambao. Huwa na sehemu mbili: duara la juu na mzunguko wa pembeni. Kitambaa cheupe cha pamba hupangwa tabaka, ruwaza ikachorwa kwa kalamu ya risasi, kisha uzi ukapitishwa kufuata mchoro. Vitobo hutobolewa kimoja kimoja na ukingo wa kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mishono ya karibukaribu hadi kitambaa kisiweze kufumuka. Sehemu mbili zikikamilika huungwa. Kofia hufuliwa, hutiwa wanga na kukaushwa juu ya kitu cha mviringo ili ishike umbo. Kofia moja nzuri huchukua wiki kadhaa, na ile ya kazi nyembamba huchukua miezi.

Ushonaji wa kofia haukuwa wa wanawake peke yao. Huko Lamu wanaume pia wamejulikana kwa kazi hii. Lakini kwa Unguja ya karne ya 20 uligeuka kuwa kazi ya nyumbani yenye faida ya pekee kwa mwanamke wa mjini. Ingeweza kufanywa ndani, ikawekwa chini mtoto alipolia na kuendelezwa jioni. Ingeweza pia kugawanywa: huyu akachora, yule akatoboa, mwingine akaunga. Mgawanyo huo ulizipeleka ruwaza kutoka nyumba hadi nyumba. Mshonaji aliyepokea mzunguko uliochorwa na jirani alijifunza mkono wa jirani huyo, na kofia yake iliyofuata haikuwa kama ya kwanza.

4.4 Shule na mshono wa kipimo

Njia ya nne ya mitindo mipya ilikuwa shule. Wamisheni wa UMCA walihamia Unguja mwaka 1864, na huko Mbweni wakaanzisha makazi na shule ya wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray aliiongoza shule hiyo kuanzia mwaka 1877 hadi 1902. Pamoja na kusoma na kuandika, wasichana walifundishwa kushona kwa taratibu za Kiingereza: upindo wenye upana sawa, mishono inayolingana, kiraka kisichoonekana.

Tofauti kati ya mafunzo haya na yale ya ukumbini ilikuwa zaidi ya mtindo. Nyumbani, msichana alijifunza kwa kutazama na kushiriki katika nguo itakayovaliwa; kosa lake lilifumuliwa na bibi au shangazi, na kazi ikaendelea. Shuleni alijifunza juu ya kipande cha majaribio na kupewa alama. Mfumo wa kwanza ulimwachia nafasi ya kugeuza ruwaza. Wa pili ulimtaka airudie. Serikali ilipofungua shule ya wasichana mwaka 1927, ushonaji uliingizwa katika masomo kwa sababu wazazi wengi waliokuwa na shaka na elimu ya kidunia waliiona sindano kuwa jambo wanalolijua. Kwa namna hiyo, ufundi wa zamani ulifungua mlango wa shule, na shule nayo ikaubadili ufundi.

4.5 Cherehani

Cherehani za mkono na za miguu zilienea mwambao katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20. Mafundi wake, wengi wakiwa wanaume na baadhi yao wenye asili ya Kihindi, walikaa mbele ya maduka wakishona kanzu, suruali na magauni. Ingetarajiwa kwamba mashine ingeua kazi ya mkono. Kilichotokea ni mgawanyo mpya. Mshono mrefu ulionyooka, uliokuwa ukimchosha mshonaji, ulihamia kwenye gurudumu. Kitobo, ua na kingo vilibaki mkononi. Kwa kuondolewa kazi ya haja, sindano ilipata muda wa pambo. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1870 alikuwa sasa ana miaka 50 na zaidi. Alianza na upindo wa kaniki, akaunga leso, akadarizi kofia, akaona wajukuu wakileta mishono ya shule, akapeleka kanzu kwa fundi na kubaki na shingo yake aitie nakshi. Si rahisi kuonyesha wakati wowote katika umri huo ambapo alikuwa na mtindo mmoja tu.

5.0 Macho, Mikono na Kubadili Mtindo

Mabadiliko yaliyoelezwa hadi hapa yalitoka nje: sokoni, serikalini, shuleni. Lakini ushonaji wa muda mrefu una sababu ya ndani ya kubadilika, ambayo wanahistoria wameipuuza, nayo ni mwili wa mshonaji. Vitobo vya kofia huhitaji macho makali. Binadamu akifika makamo, uwezo wa kuona vitu vya karibu hupungua, na kutunga uzi kukawa kazi ya mtoto wa nyumba. Vidole navyo hukakamaa.

Hali hii haimalizi ushonaji, inaugeuza. Mshonaji aliyekuwa akitoboa huhamia kwenye kuchora ruwaza, kuunga sehemu mbili, au kudarizi maua makubwa ya foronya kwa uzi mnene. Wengine huhamia kwenye kufuma, ambako kidole huhisi kile jicho lisichokiona vizuri. Na wengi huhamia kwenye kufundisha. Kwa mtazamo huu, kujaribu mtindo mpya uzeeni si mchezo wa mwenye nafasi. Ni njia ya kubaki fundi wakati mwili umeanza kuinyima kazi ile ya mwanzo.

Jambo hili lina athari ya kimbinu. Tunapokuta katika mkusanyo wa makumbusho kofia yenye mishono myembamba na foronya yenye mishono mipana, tumezoea kuzihesabu kuwa kazi za watu wawili, au za vipindi viwili, au za fundi hodari na fundi dhaifu. Zinaweza pia kuwa kazi za mkono mmoja katika miaka 25 na katika miaka 60. Kupanga nguo kwa mtindo na kudhani kwamba kila mtindo una wakati wake na watu wake ni kuusahau umri.

6.0 Umri wa Pili: Kuanzia Karibu Mwaka 1920

Mwanamke aliyezaliwa karibu na mwaka 1920 alianza pale wa kwanza alipoishia. Kanga kwake haikuwa jambo jipya; ilikuwa nguo ya mama. Kofia ya vitobo aliikuta imeshakuwa vazi la heshima la kila mwanamume. Mapya yake yalikuwa ya sebuleni: vitambaa vya meza, vitambaa vya makochi, mashuka na foronya za bibi harusi zilizodariziwa maua kwa nyuzi za rangi, pamoja na kazi za kufuma kwa sindano ya kroshia. Darizi, iliyokuwa ikikaa mwilini, ilihamia kwenye samani. Mabadiliko haya yalifuata mabadiliko ya nyumba yenyewe: kiti na meza vilipoingia mahali pa mkeka, sindano ilivifuata.

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na maelfu ya watu wakaondoka visiwani. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka Oman, na Waomani wengi waliozaliwa au kulelewa Afrika Mashariki wakahamia huko wakiwa na Kiswahili chao. Miongoni mwa yale waliyoyapeleka yalikuwamo maarifa ya kofia. Nchini Oman kofia ya darizi huitwa kumma, ni sehemu ya vazi la taifa la wanaume, na watafiti huihusisha na uhusiano wa muda mrefu kati ya Oman na Unguja. Muundo ni uleule: duara la juu, mzunguko wa pembeni, vitobo vinavyopitisha hewa.

Ila huko nako mtindo haukubaki ulivyokwenda. Rangi za nyuzi zimeongezeka, ruwaza zimechanganywa, na mashine za kudarizi zimeingia kando ya kazi ya mkono. Mshonaji aliyejifunza Unguja na kuendelea kushona Maskati alilazimika kuchagua: ashone kama alivyofunzwa, au ashone kama mvaaji mpya anavyotaka. Kuwapo kwa kofia na kumma leo, zinazofanana kwa umbo na kutofautiana kwa pambo, kunaonyesha kwamba wengi walichagua yote mawili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ushonaji, mwenyeji na mgeni wamebadilishana nafasi mara kadhaa.

7.0 Pingamizi: Je, Kulikuwa na Hiari?

Inaweza kupingwa kwamba neno “kujaribu” linapamba jambo ambalo kwa hakika lilikuwa shuruti. Mshonaji hakuchagua merikani. Ililetwa na majahazi na meli. Hakuchagua mtaala wa shule, wala hakuchagua kuhama. Pingamizi hili lina uzito, na haliwezi kujibiwa kwa kuusifu ubunifu wa wanawake pasipo kutaja umaskini uliowafanya wengi wao washone hadi usiku. Mapato ya kofia yaligawanywa pia na mchuuzi, ambaye mara nyingi alipata zaidi ya aliyeshona.

Hata hivyo, shuruti huamua kile kinachofika mkononi. Haiamui chote ambacho mkono utakifanya. Wafanyabiashara walileta leso ili zitumike kama leso. Hakuna amri iliyowataka wanawake waziunge sita. Mtaala ulileta upindo wa Kiingereza. Haukutarajia kwamba upindo huo ungeishia kwenye kanga. Hiari ya mshonaji haikuwa katika kuukubali au kuukataa ulimwengu mpya. Ilikuwa katika hatua ya pili: nikishakipata kitambaa hiki, nitakifanya nini? Hapo ndipo penye historia yake, na hapo ndipo nyaraka za serikali na za biashara zilipo kimya, kwa kuwa zilihesabu majora na hazikuhesabu mishono.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha mambo matatu. Kwanza, msamiati wa ushonaji wa Kiswahili ni kumbukumbu ya majaribio yaliyorundikana bila kufutana. Pili, katika umri mmoja kati ya mwaka 1870 na 1940, mshonaji wa Unguja alipitia darizi ya hariri, muungo wa leso, kofia ya vitobo, mshono wa shule na mgawanyo wa kazi ulioletwa na cherehani. Na wa umri uliofuata alipitia darizi ya samani, kroshia, na kwa wengine kumma ya Oman. Tatu, mabadiliko hayo hayakutoka nje pekee. Mwili wa mshonaji, hasa macho yake, ulikuwa sababu ya kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine.

Kutokana na hayo yanapendekezwa mambo mawili. Makumbusho na wakusanyaji wa nguo za mwambao waandike, kila inapowezekana, si mahali na mwaka tu bali pia umri wa aliyeshona na kazi nyingine alizowahi kufanya, maana vitu hivyo hupotea pindi mshonaji anapofariki. Vilevile, miradi ya urithi isiufunge msaada wake kwa mtindo mmoja unaoitwa wa asili. Kofia ya vitobo ilikuwa jaribio kabla ya kuwa jadi, na kanga ilikuwa mshono wa mwanamke kabla ya kuwa chapa ya kiwanda. Mshonaji anayejaribu ruwaza mpya leo anaendeleza desturi hiyohiyo, na historia yake inastahili kuandikwa angali yu hai wa kuisimulia.